Chapati Bila Ngano, Kichri Bila Mchele

Saa moja asubuhi unga ulikuwa umeshakandwa. Ba aliufunika kwa kitambaa chenye unyevu, akabandika kikaango motoni, akaanza kusukuma. Rotli za Kigujarati si nene kama chapati zetu za Tanga zinazokunjwa na samli. Ni nyembamba, ukiinua moja kuelekea dirishani unaona mwanga unapenya. Ikigusa moto wenyewe hufura kama puto, kisha hunywea, hupakwa samli na kuwekwa kwenye bati lenye kifuniko. Asubuhi ile alisukuma 14. Za watoto wake, za wajukuu, za kaka yangu mgonjwa, zangu. Yake haikuwemo hata moja.

Nilifika kwake kwa njia ya ujirani. Kaka yangu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo Ahmedabad, na daktari hakutaka apande ndege kabla ya wiki 5. Majirani zetu wa Tanga waliposikia, walisema haifai mgonjwa alale nyumba ya wageni wakati Ba yupo Rajkot, huko huko Gujarat, na ana vyumba vitupu. Ba alizaliwa Tanga, akaolewa India akiwa na miaka 19, na Kiswahili chake hakikumtoka. Nilimwita Ba kama walivyomwita wote mtaani, yaani mama au bibi kwa Kigujarati. Yeye aliniita mwanangu.

Alikuwa na kisukari kwa miaka 11. Mlo wa Kigujarati una nguzo nne, na watu huzitaja kwa pumzi moja: dal, bhat, rotli, shaak. Dal ni mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa, bhat ni wali, rotli ni mkate, shaak ni mboga. Aliambiwa apunguze wanga, naye akatii kwa kuondoa wali na mkate na kubaki na bakuli mbili na kijiko. Siku ya kwanza nilimtazama akila na nikaona hana raha, ingawa sikujua kwa nini, maana dal yake ilikuwa tamu na bamia zake zilikaangwa vizuri sana. Alipoona namtazama, akaniambia: "Mwanangu, chakula kipo. Mkono ndio hauna kazi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyozaa sura hii. Watu wengi wanaojaribu kupunguza wanga huuliza swali moja tu: nile nini badala ya wali? Swali linalofaa zaidi ni la Ba: huo wanga ulikuwa ukifanya kazi gani pale sahanini? Rotli hushika. Wali hunyonya mchuzi. Kwenye kichri, ule mchele unaopikwa pamoja na choroko, mchele hugandisha, na kwenye sambusa unga hufunga. Ukijua kazi iliyoachwa wazi, utajua wa kumweka. Usipojua, utakula kwa kijiko kwa mwezi mmoja, kisha utarudi kwenye rotli sita kwa siku na kujilaumu kwamba huna moyo.

Na jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa ICMR-INDIAB, uliopima zaidi ya watu 113,000 mijini na vijijini kote India. Ulikadiria kwamba watu milioni 101 wanaishi na kisukari, na wengine milioni 136 wapo kizingitini. Watafiti hao hao wameonyesha kwamba takriban asilimia 62 ya nishati anayoipata Mhindi wa kawaida hutoka kwenye wanga, mwingi ukiwa wali mweupe, ngano iliyosagwa na sukari.

Kuna pia suala la mwili wenyewe. Mwaka 2004 madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune na John Yudkin wa London, walipiga picha wakiwa wamesimama bega kwa bega, na jarida la Lancet likaichapisha. Uwiano wa uzito na kimo chao ulikuwa sawasawa, 22.3 kila mmoja, na kwa kuwatazama ungesema wote ni wembamba. Lakini walipopimwa mafuta ya mwilini, Yudkin alikuwa na asilimia 9.1 na Yajnik asilimia 21.2. Yajnik alitumia miaka mingi kueleza jambo hilo: Mhindi anaweza kuonekana mwembamba huku ana misuli michache na mafuta mengi yaliyojificha tumboni, na misuli ndiyo ghala ambamo sukari ya mlo huhifadhiwa. Ghala likiwa dogo, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Ba alikuwa mwembamba kama ufito. Kwa miaka mingi hakuna aliyefikiria kumpima.

Tulianza na rotli, kwa sababu ndiyo iliyomuuma. Ngano hushikamana kwa sababu ya gluteni, protini inayovutika ukiikanda kwa maji. Lozi zilizosagwa hazina kitu hicho. Ukizikanda na maji unapata kitu kama mchanga wa pwani, kinachokaa mradi hujakigusa. Panahitajika cha kuunganisha, na Gujarat wanacho, tena ni miongoni mwa wakulima wake wakubwa: isabgoli. Ni maganda ya mbegu ndogo, na jina lake limetoka Uajemi likiwa na maana ya sikio la farasi, kwa umbo la mbegu hizo. Kila nyumba ya Rajkot ina pakiti yake karibu na dawa za tumbo, maana wazee huikoroga kwenye maji usiku ili kupata choo asubuhi. Ikilowa hutoa ute kama wa bamia, na ute huo ndio unaoshika kazi ya gluteni.

Siku ya kwanza tulitumia maji ya baridi, na tulikuwa na haraka. Donge lilipasuka kingo zote, tukalisukuma vipande vipande. Siku ya pili niliongeza isabgoli mpaka ikawa mpira: ukiivuta inarudi, ukiitafuna inakutafuna. Siku ya nne tulipata kipimo, na ninakiandika hapa kama Ba alivyokiandika nyuma ya kalenda yake. Gramu 100 za unga wa lozi uliosagwa laini. Vijiko 2 vya chakula vya isabgoli iliyosagwa. Chumvi. Maji ya moto yapata nusu kikombe, yanamiminwa kidogo kidogo huku unakoroga, kisha unafunika na kuondoka kwa dakika 10. Dakika hizo 10 hazina mbadala, kwani ndipo ute unapovuta maji. Gawa madonge matano. Kibao na mpini wa kusukumia vitauma donge, kwa hiyo sukuma katikati ya karatasi mbili zilizopakwa mafuta. Moto uwe wa wastani, maana lozi huungua kabla hujageuka. Haitafura. Ukiona madoa ya kahawia na inateleza yenyewe kikaangoni, geuza kwa kitu kipana.

Rotli moja ya gramu 25 za unga wa ngano huleta karibu gramu 18 za wanga. Hii ya lozi ina gramu mbili au tatu tu ukitoa nyuzinyuzi, ambazo mwili hauzigeuzi sukari. Ba alichana kipande, akakikunja kwa vidole vitatu kama anavyofanya tangu utoto, akachota bamia, akatafuna taratibu. "Hii si rotli," akasema. Kisha akachota tena. "Lakini inashika."

Anayeila sharti anywe maji ya kutosha mchana kutwa, la sivyo isabgoli itaziba badala ya kusafisha. Pia ni chakula ghali. Lozi nyingi zinazoliwa India huvuka bahari kutoka California, na bei ya kilo moja ya unga wake inaweza kuilisha familia ngano kwa muda mrefu. Sipendi vitabu vinavyoorodhesha unga wa lozi kana kwamba unauzwa kila kibanda. Nyumbani kwa Ba zilikuwa rotli mbili ndogo kwa siku, za mchana tu.

Kwa jioni alirudi kwenye kitu alichokijua kabla hajanijua mimi: pudla. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, uliokorogwa kwa maji uwe mwepesi, ukatiwa manjano, tangawizi, pilipili ya kijani na majani ya uwatu yaliyokatwakatwa, kisha ukamiminwa kikaangoni kama chapati za maji. Unga wa dengu si kitu kisicho na wanga. Gramu 100 zake zina karibu 58, lakini 11 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na protini yake hufika 22. Pudla mbili nyembamba humshibisha mtu ambaye angekula rotli nne. Sijaona mbadala wa kisasa unaoishinda kwa bei, kwa ladha na kwa heshima ya mpishi, na inanisikitisha kwamba watu huikimbilia mikate ya pakiti huku dengu zipo kabatini.

Hapa lazima niseme kuhusu bajra, kwa sababu kila mtu Rajkot aliniambia Ba ale bajra. Bajra ni uwele wetu. Mtama wao na ulezi wao ni huu huu wetu pia, nafaka zilizotoka Afrika zikavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita, na hakuna chakula kinachonipa fahari kama rotlo ya Saurashtra, eneo lenye Rajkot, ule mkate mnene wa uwele unaopigwa kwa viganja bila kusukumwa. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka hizi, kwa ombi la India, na tangu hapo zimepewa sifa hata zisizo zake. Uwele una nyuzinyuzi na madini mengi kuliko ngano nyeupe, ndiyo. Lakini zaidi ya gramu 60 katika kila 100 za unga wake ni wanga. Anayebadilisha rotli tatu za ngano kwa rotlo mbili nene za uwele huku akidhani amepunguza wanga, kipimo cha damu kitamwambia vingine. Na afadhali uwele kuliko sabudana, zile punje nyeupe za wanga wa muhogo wanazokula siku za kufunga kwa kuamini ni chakula chepesi. Sabudana ni wanga karibu mtupu.

Wiki ya pili tulifika kwenye kichri, nami niliiogopa. Kichri ni chakula cha mtu anayeumwa, cha mvua, cha kurudi safari usiku. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika India aliandika kwamba watu wa huko hufungua kinywa kwa kishri, choroko zilizopikwa pamoja na mchele na kuliwa na samli. Chakula cha umri huo huwezi kukigusa hivi hivi.

Lakini ukiuliza swali la Ba, kichri inafunguka. Mchele mle ndani hauna ladha yake. Kazi yake ni kupasuka na kuifanya sufuria nzima iwe laini na nzito, ili samli ipate mahali pa kukaa. Choroko zilizokobolewa zinaweza kuifanya kazi hiyo zenyewe zikipikwa hadi zivurugike. Kinachokosekana ni punje, kitu kidogo cha ulimi kukutana nacho, na hapo inaingia koliflawa iliyokunwa.

Watu husema koliflawa si ya asili, kwamba ni fasheni ya Wazungu wanaokonda. Ni kweli ililetwa na Waingereza, ikapandwa Saharanpur mwaka 1822. Lakini viazi, nyanya na pilipili navyo vilikuja kwa meli baada ya Wareno, na leo nani atathubutu kumwambia mama wa Kipunjabi kwamba viazi na koliflawa alivyomlisha mumewe si chakula cha kwao?

Ba alipika hivi. Choroko zilizokobolewa, nusu kikombe, zililowekwa nusu saa, zikachemshwa na manjano na chumvi mpaka kijiko kikipita hakiachi punje. Koliflawa moja ndogo ilikunwa kwa upande mpana wa kikunio, ikaminywa ndani ya kitambaa. Aliminya kwa mikono yote miwili na maji yalijaa kikombe cha chai. Hatua hiyo ukiiacha, kichri inakuwa uji wa kabichi. Koliflawa iliingia mwishoni kabisa, sufuria ikiwa wazi, kwa dakika 5, kwa sababu ikichemka sana hutoa harufu ya salfa, na harufu hiyo ikishatoka hairudi ndani.

Kisha akafanya kile ambacho kwa imani yangu ndicho kichri yenyewe. Wahindi wa kaskazini hukiita tadka, Wagujarati vaghar. Alipasha samli vijiko viwili kwenye kijisufuria kidogo. Mbegu za bizari nyembamba ziliingia kwanza, zikageuka rangi. Karafuu mbili, kipande cha mdalasini, pilipili kavu. Mwisho kabisa mvuje, chembe inayotosha ncha ya kisu, uliochachamaa kwenye samli kwa sekunde moja na kuijaza nyumba. Alimimina vyote juu ya sufuria, pakalia shaa!, na hapo hapo akafunika ili moshi usitoroke. Kaka yangu, aliyekuwa amelala chumba cha nyuma, aliuliza kwa sauti: "Ba amepika kichri?" Hakuna aliyemwambia kwamba hamna mchele. Alikula bakuli mbili, na mimi nimepika kichri hiyo Tanga mara nyingi tangu hapo.

Wali wa gramu 100 una wanga wa gramu 28. Koliflawa ya uzito huo ina 5, na mbili kati yake ni nyuzinyuzi. Choroko zilizopikwa zina karibu 19, nyingi zikiwa zinasagwa polepole tumboni. Nazitaja kwa sababu Ba alitaka namba. Alikuwa akipima sukari saa mbili baada ya mlo na kuandika kwenye kalenda hiyo hiyo, na namba zilikuwa zinashuka siku hadi siku.

Zilishuka mno. Siku ya 12, saa nane mchana, mji ukiwa umelala kama Rajkot inavyolala kila mchana, maduka yamefungwa mpaka saa kumi, nilimkuta Ba ameketi sakafuni jikoni, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anajaribu kufungua mkebe. Kipima sukari kilisoma 58. Kwa vipimo vya India, chini ya 70 ni hatari. Mkebe ulikuwa wa sukari guru, nikamwekea kipande mdomoni, kisha kingine, nikakaa naye mpaka macho yake yaliponitambua vizuri. Kosa lilikuwa letu sisi wawili. Tulibadilisha chakula na hatukumwambia daktari wake, naye Ba aliendelea kumeza vidonge vya kushusha sukari kwa kipimo kilichopangwa wakati akila rotli. Kesho yake tulikwenda na kalenda, na daktari aliipitia ukurasa kwa ukurasa na kupunguza dawa. Wewe unayemeza vidonge vya namna hiyo, au unayechoma insulini, usiguse pishi hata moja la kitabu hiki kabla hujaongea na anayekutibu. Mtu asiyetumia dawa anaweza kuanza leo jioni. Wewe anza na kalenda na daktari.

Mengine nayapita haraka. Dosa, ile chapati nyembamba ya mchele ya kusini, sijapata kuiiga kwa namna inayoniridhisha, na sioni haja, kwa kuwa Andhra wana pesarattu ya choroko nzima zilizosagwa na tangawizi, isiyohitaji mchele. Ina wanga wake, ila mbili zinatosha. Wali wa biriani ukiwekwa koliflawa, punguza maji ya mchuzi kabisa na uiweke juu tu, dakika za mwisho za kufunika. Sambusa niliziacha.

Vitamu vinataka uamuzi. Kuna vitamu ambamo sukari ni ladha tu, na vingine ambamo sukari ndiyo mwili. Shrikhand ni ya kwanza: mtindi uliotundikwa kwenye kitambaa usiku kucha mpaka unakuwa mzito kama siagi, ukatiwa iliki na zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa. Kiongezwe chochote kitamu kisicho sukari, au kidogo sana cha sukari yenyewe, bado ni shrikhand. Jalebi na gulab jamuni ni za pili. Bila shira hazipo, na shira ya sukari bandia mara nyingi hugeuka chengachenga ikipoa. Ba aliamua hivi: jalebi atakula moja, ya sikukuu, ya kweli, akiwa amekwisha kula mboga na jibini ya paniri. Nilimuunga mkono.

Jioni ya mwisho alichoma biringanya. Aliliweka juu ya moto wa gesi bila chombo, akaligeuza kwa mkia wake mpaka ganda likawa jeusi na maji yakaanza kutona. Akalimenya likiwa bado la moto, akalipondaponda, akalikaanga kwenye mafuta ya karanga na kitunguu saumu kingi, vitunguu majani na nyanya. Huko Saurashtra hukiita oro, na huliwa na rotlo. Mezani palikuwa na bati kubwa la rotlo za watu wote, na kando yake bati dogo, lenye mbili za lozi, kwani usiku ule alijipa ruhusa.

Mjukuu wake wa miaka saba alitazama mabati yote mawili, akanyoosha mkono kwenye lile dogo. Ba akalivuta karibu na sahani yake. "Zako zile pale," akamwambia. "Hizi zangu." Akachana kipande, akakikunja kwa vidole vitatu, akachota.